Masikio Kumi na Moja

Masikio kumi na moja niliyakata kwa mkono wangu huu, moja baada ya jingine, mchana kweupe, na wanawake wakanipigia vigelegele. Msinikatize. Kila nikianza kisa hiki lazima atokee mtu wa kuniambia, "Mzee Shaibu, hayo yalikuwa ya Wadachi, yamepita, wewe ulikuwa mtumwa wa kazi tu." Mtumwa wa kazi hakati masikio ya ng'ombe wa watu. Kosa langu nalijua mimi. Anayetaka kunifariji anyamaze kwanza asikilize, akiona bado ana la kunifariji, aje.

Reli ilikuwa na mwaka wa tatu tangu ifike Dodoma. Babu yangu alikuja na misafara ya pembe, miguu ikamchoka hapa, akaoa hapa. Mama yangu alikuwa Mgogo, kwa hiyo Kigogo nilikuwa nakisema sawasawa na Kiswahili, ila kukamua ng'ombe sijui, na mkuki wa kuchungia sikuwahi kuushika. Wachungaji walinicheka. Waliniita mtu wa reli. Mke wangu Arafa naye akaongezea, akasema mume wake ng'ombe anamjua akiwa ndani ya mchuzi. Nilicheka nao, lakini moyoni iliniuma, nisiseme uongo.

Nilikuwa mtu wa mkono wa daktari wa ng'ombe, Mdachi mmoja mrefu mwenye shingo nyekundu. Watu walimwita Bwana Damu. Kazi yangu ilikuwa kubeba sanduku la chupa, kushika pembe, na kuwaeleza wafugaji anachosema Bwana. Mwaka ule sotoka ilikuwa imerudi. Wazee waliokumbuka ile ya kwanza, iliyofyeka ng'ombe nchi nzima hadi watu wakala ngozi za vitanda, walikuwa hawalitaji hata jina lake. Ng'ombe anaanza kutoa machozi, kamasi zinafuata, vidonda mdomoni, halafu anaharisha mpaka anaanguka. Siku saba, nane, kwisha.

Nyuma ya stesheni tulikuwa na zizi la maksai sita. Hao sita walikuwa wameugua sotoka huko kwao wakapona wenyewe. Bwana alikuwa akiwachoma sindano ya damu ya ng'ombe mgonjwa, damu ambayo ng'ombe mwingine ukimpa tone lake unachimba shimo. Wao waliipokea wakaendelea kula nyasi. Baada ya siku kadhaa anawachoma tena, nyingi zaidi. Kisha tena. Nimeshuhudia kwa macho yangu, wallahi, hakuna hata mmoja aliyetoa chozi. Baadaye alikuwa akiwatoa damu shingoni, anaiacha itulie mpaka maji ya rangi ya samli yapande juu, na hayo maji ndiyo yalikuwa dawa.

"Mwili wa huyu umejifunza kupigana," Bwana alinieleza kwa Kiswahili chake cha kupinda. "Silaha zake ziko ndani ya maji haya. Tunamwazima yule ambaye hajajifunza." Halafu akaninyooshea kidole. "Tunamwazima, Shaibu. Wiki tatu, basi, silaha zimekwisha. Lazima kuchoma tena, na tena, mpaka ugonjwa upite. Aliyepona mwenyewe, huyo amepona. Aliyechomwa bado. Kila zizi uwaambie hivyo."

Nikasema ndiyo, Bwana. Na kila zizi nilikuwa nawaambia. Kila zizi isipokuwa moja.

Zizi hilo lilikuwa la Matonya, pale Mtumba, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka stesheni. Matonya alikuwa mtu mzima, mwembamba, mwenye maneno machache na macho yanayokuona mpaka mfukoni. Binti yake Emilia, aliyebatizwa misheni, alikuwa amekufa kwa uzazi akaacha mtoto wa kike. Mtoto aliitwa Ruthu, jina alilolichagua mama yake kabla hajakata roho. Nilipofika mara ya kwanza Ruthu alikuwa na miezi mitatu, yuko mgongoni kwa bibi yake, Mama Emilia, na njaa ya mwaka ule ilikuwa imekausha wanawake wote wa Mtumba. Hapakuwa na titi la kuazima. Mtoto yule aliishi kwa maziwa ya ng'ombe, na maziwa yote ya nyumba ile yalitoka kwa ng'ombe mmoja tu, Madoa.

Sasa nisikilizeni habari ya Madoa, maana yeye ndiye kisa chenyewe. Mgogo mwenye akili haweki ng'ombe wake wote zizi moja. Huyu anampeleka kwa rafiki, yule kwa shemeji, ili balaa likija lisimkute amekusanya kila kitu mahali pamoja. Matonya alikuwa amemweka Madoa kwa rafiki yake Sila, kule Chemba. Sotoka ikaingia kwa Sila. Ikaua ng'ombe thelathini na wawili, na ndama wa Madoa akiwa humo. Madoa akaugua mpaka wakamchimbia shimo, siku ya tisa akasimama akaenda kunywa maji. Sila, akiwa hana mnyama mwingine hata mmoja, akamrudisha kwa mwenyewe, mwendo wa siku nne, pamoja na ngozi ya yule ndama ili Madoa akiilamba ateremshe maziwa. Huo ndio ungwana. Siku hizi mtu akikuazima jembe hulioni tena.

Na sikio la kushoto la Madoa lilikuwa limekatwa pengo la upana wa vidole viwili. Alama hiyo wafugaji wa pande zile waliiheshimu mno. Ilimaanisha kwamba huyu amepita kwenye sotoka akatoka, haimrudii tena maisha yake yote, mwache anywe popote na alale na wagonjwa. Na haikatwi hivi hivi. Anayekata ndiye shahidi. Anashika sikio, anataja jina lake na la baba yake mbele ya watu, anasema, "Huyu nimemwona akiugua na nimemwona akisimama." Ndipo anakata. Baada ya hapo hakuna anayeuliza, maana aliyekata amejifunga kwa jina la baba yake.

Tukawachoma ng'ombe wengine wa Matonya, kumi na mmoja. Mitamba, madume na majike makavu. Madoa Bwana alimwangalia sikio, akamwangalia fizi, akasema huyu hahitaji chochote. Siku ile Bwana alikuwa na haraka, maelezo ya wiki tatu nikayaacha kwa safari ya pili, tukaondoka.

Siku kumi baadaye Bwana akanituma peke yangu Mtumba niwaambie watu siku ya kuchomwa mara ya pili. Nilipofika nikakuta ua umefagiliwa. Nikaamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu, mtu wa reli. Leo usikae huko mlangoni, njoo hapa." Akanionyesha kigoda chake mwenyewe. Mama Emilia akaniletea kibuyu cha maziwa ya mgando, na ninyi mnaelewa maana ya kibuyu kile katika nyumba yenye mtoto kama yule. Nilikunywa. Mungu anisamehe, nilikunywa nikakimaliza.

Matonya akaanza kusema taratibu. Sotoka ilikuwa imepita Ihumwa, kijiji cha jirani, ikaruka Mtumba, ng'ombe wake hawakuguswa. Zaidi ya hapo, siku mbili baada ya sindano wote kumi na mmoja walikuwa wamevimba shingo, wakapata homa, wakakataa nyasi. Siku ya tatu wakasimama wakala.

"Kuugua si ndio huko?" akauliza. "Wameugua kidogo, wamesimama. Wamekuwa kama Madoa. Wazee tumekaa tukaona masikio yakatwe, na shahidi uwe wewe, maana ugonjwa wao ulikuja kwa mkono wako. Sisi tuliona wakisimama. Wewe ndiye uliyeona wakiingia ugonjwani."

Kulikuwa na watu kama thelathini uani. Walewale walionicheka. Jirani yake Bartolomayo, msomaji wa misheni, alikuwa amesimama ameshika kisu kwa mikono miwili, ananinyooshea kama anayempa mkuu wa nchi. Kisu hicho hakijawahi kupewa mtu asiye mfugaji.

Nilijua. Hapa ndipo nataka mnielewe, maana wengi hudhani sikujua. Nilijua kabisa uvimbe ule ni wa sindano, si wa sotoka. Nilijua silaha ni za kuazima, na zimebakiza siku kumi na moja. Nilikuja pale na ujumbe huo mdomoni. Ningesema, "Wazee wangu, bado, hawa si kama Madoa," wangenielewa, wangerudisha kisu, nami ningerudi kuwa mtu wa reli. Kichwa kilinivimba. Nikajiambia siku ya sindano ya pili watakuja tu, alama ina ubaya gani?

Nikasema, "Leteni kisu."

Nikataja jina langu na la baba yangu mara kumi na moja. Huyu nimemwona akiugua na nimemwona akisimama. Vigelegele vilipigwa. Nilirudi Dodoma usiniguse, damu ya ng'ombe imenikauka mikononi, nikamwonyesha Arafa. Akaniuliza, "Na ile sindano ya pili umewaambia?" Nikamwambia asiniharibie siku yangu.

Kesho yake Bwana akatupakia twende Mlali, upande wa Kongwa, ambako sotoka ilikuwa imechachamaa. Tulikaa huko wiki saba. Akamwacha mtu mwingine achome sindano ya pili Mtumba, na yule mtu alipofika kwa Matonya akaonyeshwa masikio. Matonya alimwambia kwa upole, "Hawa wamekwisha kupona. Dawa yako wape wenye shida." Mtu akaondoka zake. Nani angemchoma sindano ng'ombe aliyepona?

Kiangazi kikakaza. Visima vya juu vikakauka. Vikabaki vya chini, vya kwenye mchanga wa mto, lakini huko walikuwa wakinyweshwa wagonjwa wa Ihumwa, na watu walikuwa wamekubaliana kwamba hapo wanakwenda ng'ombe waliokatwa masikio tu. Wenye ng'ombe wazima wasio na alama walihangaika kuteka maji kwa vibuyu, kutwa nzima. Matonya hakuwa na haja ya kuhangaika. Aliwaswaga kumi na mmoja wake mpaka kisimani, wakanywa bega kwa bega na wagonjwa.

Niliporudi kutoka Mlali sikujua lolote. Bwana ndiye aliyenituma tena Mtumba. Dawa ilikuwa imetuishia, wawili kati ya maksai wetu sita walikuwa wamechoka kutolewa damu, na alitaka ng'ombe waliopona kweli kweli, wachomwe damu ya ugonjwa, watoe dawa mpya. Alikuwa amekumbuka Madoa. "Siku tatu," akasema. "Wasipomleta, askari watamfuata."

Harufu niliipata kabla sijaona paa la nyumba. Zizi la Matonya lilikuwa tupu. Nje ya zizi udongo ulikuwa umefukuliwa mahali pakubwa, na fisi walikuwa wamefukua tena. Kichwa kimoja cha mtamba kilikuwa juu ya udongo, na sikio lake la kushoto lilikuwa na pengo la vidole viwili. Nikachuchumaa palepale.

Matonya alinikuta hapo. Hakunipiga. Laiti angenipiga!

"Kumi na mmoja," akasema. "Ndani ya siku kumi na tatu. Umeona?"

"Nimeona, mzee."

"Sotoka ya sasa inarudi. Ya baba zetu ilikuwa ikimwacha mtu aliyekwisha kulipa. Hii inamrudia."

Niligeuza uso kuelekea nyumba. Ndani, Ruthu alikuwa akilia njaa ya kawaida ya mtoto, kisha akanyamaza, na nikamwona Mama Emilia kwenye uwazi wa mlango akimpa maziwa kwa kibuyu kidogo. Madoa alikuwa nyuma ya nyumba, mzima, anailamba ile ngozi ya ndama. Alikuwa amekunywa kisima kilekile na wale kumi na mmoja, siku zilezile, na hakuna kilichompata.

Nikatoa ujumbe wa Bwana. Nilieleza vizuri kuliko nilivyowahi kueleza maisha yangu yote. Kwamba Madoa atachomwa damu ya ugonjwa lakini hataugua, kwamba nimeona sita wakichomwa na hakuna aliyeugua, kwamba dawa itakayotoka kwake itaokoa mazizi ya watu.

Matonya akanisikiliza mpaka mwisho. "Wale kumi na mmoja ulisema hivyohivyo. Ukataja na baba yako."

"Wale walikuwa tofauti, mzee. Madoa aliugua kweli. Wale..."

"Sikio ni lilelile, Shaibu. Kisu ni kilekile. Mtampa ugonjwa, naye atakufa kama wenzake, na mimi nina mtoto hapa ndani." Sauti haikupanda hata kidogo. "Mwambie Bwana wako Madoa haendi."

"Askari watakuja siku ya tatu."

"Nimesikia."

Hapo ndipo ilinipasa kusema: mzee, nilikudanganya, wale hawakupona, nilijua. Nikashindwa. Nikajiambia kwanza niende nikamwombe Bwana amwache Madoa, nikirudi na habari njema itakuwa rahisi kuungama. Mwoga siku zote ana mpango mzuri wa kesho.

Bwana alikuwa mezani na chupa zake. Nikamwambia ng'ombe yule ananyonyesha mtoto wa watu, ni maziwa pekee katika nyumba. Akasema ng'ombe atarudishwa baada ya mwezi, wana hofu ya nini? Ikabidi niseme hofu ilitoka wapi. Nikasema yote, masikio, kisu, jina la baba yangu. Aliweka chupa chini. Alinitazama, na nadhani alitazama zaidi kazi yake ya mwaka mzima iliyokuwa ikimomonyoka kwa sababu ya mpumbavu mmoja. Kisha akamwita askari.

Hamsa ishirini. Waliokula viboko vya Wadachi wanajua ishirini na tano ni ngapi. Nililazwa chini nikahesabiwa, nikabebwa mpaka nyumbani. Arafa alinipaka samli na chumvi analia huku ananitukana, na kwa mara ya kwanza sikumjibu. Siku iliyofuata sikuweza kusimama. Jioni yake Bwana akaja mwenyewe mlangoni, akanitupia karatasi yenye muhuri. Iliandikwa kwamba ng'ombe wa maziwa waliopona Mtumba wasiguswe, wachukuliwe maksai tu. Alikuwa mkali yule, lakini hakuwa na moyo wa jiwe.

Siku ya tatu nikaondoka alfajiri. Mwendo wa asubuhi nzima niliutembea kwa mchana wote, maana kila hatua shati lilikuwa linabanduka mgongoni. Karatasi niliishika mkononi ili jasho lisiifute. Nilikuwa nazungumza peke yangu njiani kama mwehu, nafanya mazoezi: mzee, kwanza habari njema, pili nina neno la kuungama.

Nilipopanda kile kilima kidogo nikaona moshi uani kwa Matonya, na watu wengi. Nikajua. Nikaenda tu, ningefanya nini?

Ngozi ya Madoa ilikuwa imewambwa chini kwa vijiti, upande wa nyama juu. Kichwa kilikuwa pembeni, na sikio lile. Watu walikuwa wakigawana nyama kimyakimya, si kama watu wanaokula. Karibu na mlango palikuwa na mbuzi wawili wamefungwa. Matonya alikuwa amebadilishana nyama na mbuzi hao ili mtoto apate chochote. Mmoja alikuwa na maziwa yasiyojaza kiganja. Ruthu alikuwa analia, na safari hii hakunyamaza.

Askari hawakuwa wamefika bado. Matonya alikuwa amekaa kwenye kile kigoda, kisu miguuni pake. Aliponiona akasema, "Nimemwahi kabla ugonjwa haujamwahi."

Nikampa karatasi. Hakujua kusoma. Bartolomayo akaichukua akaisoma kwa sauti, polepole, kama anavyosoma kanisani, mpaka pale penye neno wasiguswe, na hapo sauti ikamkatika. Nyuma ya Bartolomayo, kwenye mti wa uani kwake, nikaona ng'ombe mweusi amefungwa kamba fupi, ya kuchinjia. Na yeye alikuwa na sikio lililokatwa. Alikuwa amepona sotoka kwenye zizi la mbali, kabla hata ya sindano zetu kufika Mtumba, na alikuwa na ndama wa miezi miwili. Bartolomayo alikuwa anangoja zamu ya kisu. Baada yake walikuwepo wengine wawili. Mtumba nzima ilikuwa imekaa ikaamua kwamba alama ya sikio haina maana tena, afadhali nyama.

Matonya akanyanyuka. Akanisogelea mpaka nikasikia pumzi yake.

"Shaibu. Nakuuliza mbele ya watu. Madoa angeugua tena?"

Nawaambieni ukweli, uongo ulikuwa tayari mdomoni, na ulikuwa mtamu. Ningesema, "Huenda angeugua, mzee. Ulifanya vyema." Neno dogo tu, na mzee yule angelala usingizi wake. Nani angenihukumu kwa huruma? Lakini nilimwona yule ng'ombe mweusi akitafuna, kamba shingoni, na ndama wake anampiga kichwa kiwele. Nikapiga magoti, mgongo ukapasuka upya.

"Hapana, mzee. Asingeugua kamwe. Hata wangemchoma damu ya wagonjwa mia. Madoa alikuwa amepona."

"Na wale kumi na mmoja?"

"Wale hawakupona. Walikuwa wameazimwa dawa ya wiki tatu, na nilijua. Siku ile nilikuja kuwaambieni mrudie sindano. Nikapewa kisu, nikanyamaza. Alama zile kumi na moja ni za uongo. Alama ya Madoa ilikuwa ya kweli."

Hakuna aliyetukana. Mama Emilia alikaa chini mlangoni na mtoto kifuani, akajifunika kanga usoni. Matonya alibaki amesimama. Nilimwona akigeuka polepole kuitazama ile ngozi chini, kama mtu anayesoma karatasi ambayo hajui herufi zake, kisha akashika nguzo ya nyumba.

"Waambie hao wenye ng'ombe," akasema. "Mimi nimekwisha kusikia."

Bartolomayo alikuwa wa kwanza kuondoka. Alikwenda kwenye mti wake akakata kamba kwa kisu kilekile kilichokuwa kimeandaliwa kwa kazi nyingine. Wale wawili wengine nao wakaenda kwao. Baada ya muda mke wa Bartolomayo alipita katikati yetu sote amebeba kibuyu kilichofunikwa, maziwa ya yule mweusi, akaingia nyumbani kwa Matonya bila kubisha hodi. Kilio cha Ruthu kikakatika. Nikabaki pale nimepiga magoti nasikiliza mtoto akimeza.

Ruthu aliishi. Alikua, akaolewa, ana watoto wake. Askari walichukua maksai wawili Mtumba, dawa ikapatikana, na mwaka uliofuata sotoka ikapita. Kazi ya Bwana niliiacha, au iliniacha, yote sawa. Na kisu sijashika tena, hata kuku Arafa alimchinjisha kwa jirani.

Matonya hakunitukana, na hakuniitikia tena salamu. Nilimwamkia shikamoo kila nilipokwenda Mtumba, miaka minne, mpaka alipozikwa. Lakini wakati wa mavuno niliwahi kulala kwa Bartolomayo, na asubuhi nilimwona Matonya akija na kibuyu cha mjukuu wake, kama alivyokuja kila siku. Hakukamua mara moja. Alisimama kando ya yule ng'ombe mweusi, akashika sikio la kushoto, akapitisha kidole gumba kwenye lile pengo, polepole, kwenda na kurudi. Halafu akachuchumaa akakamua.